Urithi bendi ya mzazi au uanzishe yako?

Mtoto wa mwimbaji maarufu akishika maikrofoni, ubishi ni uleule: arithi bendi ya mzazi au aunde yake? Familia ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria aliyeanzisha muziki wa afrobeat, imejaribu yote mawili. Mwanawe Seun aliirithi bendi ya baba yake, Egypt 80, Fela alipofariki mwaka 1997, akiwa na miaka 14 tu. Kaka yake mkubwa, Femi, alikuwa ameshatoka kwenye bendi ya baba miaka ya 1980 na kuunda yake, Positive Force.

Kwa gharama, Seun alianza na mtaji mkononi: wapigaji waliokomaa, nyimbo na mashabiki. Femi ilibidi akusanye watu wake. Ila bendi ya afrobeat, na safu yake ya tarumbeta na saksofoni, inakula pesa kila safari, aiongoze nani.

Kwenye uhuru naegemea kwa Femi. Hebu fikiria kijana wa miaka 14 akimwambia mzee aliyepiga na baba yake tangu yeye hajazaliwa, "Umechelewa kuingia." Atasikilizwa? Lakini wazee haohao ndio shule. Wanajua gitaa linyamaze wapi, na hilo huwezi kulipata kwenye rekodi.

Kulinganishwa na mzazi hukukwepi, hata ubadili jina la bendi.

Kama wapigaji wa mzazi bado wana hamu na nyimbo zako ni mbili tatu, rithi. Kama daftari limejaa nyimbo zako na kila mazoezi yanaishia kwa "baba yako asingefanya hivyo", toka.