Uzoefu Wangu wa Kuzuru Mnara wa Smeaton, Plymouth

Wageni wengi huupanda Mnara wa Smeaton, mnara wa zamani wa taa ya kuongozea meli ulioko katika uwanja wa Hoe mjini Plymouth, Uingereza, kwa ajili ya mandhari ya bahari. Mandhari hayo ni mazuri kweli, lakini kwa maoni yangu kinachostahili kiingilio ni ujenzi wenyewe, na asiyeijua historia yake atashuka akidhani ameona mnara mwekundu na mweupe wa kupigia picha tu.

Mnara huu haukujengwa hapo ulipo. Ulisimama baharini, juu ya miamba ya Eddystone, takriban kilomita 22 kutoka mjini, mahali ambapo minara miwili iliutangulia na yote ikaangamia. Wa kwanza, wa Henry Winstanley, uliwashwa mwaka 1698, kisha ukasombwa na dhoruba kuu ya mwaka 1703 pamoja na Winstanley mwenyewe, aliyekuwa ndani usiku huo. Wa pili, wa John Rudyerd, uliokuwa na mbao nyingi, uliteketea kwa moto mwaka 1755. Ndipo mhandisi John Smeaton alipoamua kujenga kwa mawe matupu: aliyachonga yakaumana kama meno, kila jiwe likilishika jenzake, akayaunganisha kwa chokaa inayoganda hata ndani ya maji. Ili kuipata chokaa hiyo alijaribu mawe ya namna mbalimbali, akabaini kwamba yanayofaa ni yale yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake, ugunduzi uliosaidia kufungua njia ya saruji tunayoitumia leo. Taa yenyewe, iliyowashwa Oktoba 1759, ilikuwa mishumaa 24 tu!

Kilichouondoa mnara baharini si udhaifu wake, bali ni mwamba ulioliwa na mawimbi chini yake hata mnara ukawa unatikisika. Mnara mpya wa James Douglass ulianza kazi mwaka 1882, na sehemu ya juu ya ule wa zamani ikabomolewa jiwe kwa jiwe, ikajengwa upya Hoe juu ya msingi mpya na kufunguliwa mwaka 1884.

Ngazi ni 93, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyosimama wima, hadi ukalazimika kushika kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa unapopenya kwenye tundu la dari. Mwenye magoti mabovu au mtoto mgongoni asijaribu. Katika vyumba vya walinzi wa taa nilikaa sana kuliko juu, nikivitazama vitanda vilivyojengwa kufuata mviringo wa ukuta. Mtu mrefu angelala amejikunja.

Chagueni siku isiyo na ukungu na mchukue darubini, kwa kuwa kisiki cha mnara huu, chenye ile sehemu nzito ya chini, bado kiko Eddystone kando ya mnara wa Douglass.