Audacity na santuri za Mzee: uzoefu wangu hapa Mwanza

Kama una santuri za zamani na kompyuta inayowaka, programu ya Audacity, ya kurekodi na kuhariri sauti, inatosha kuzihamishia kwenye kompyuta. Ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na haidai mashine yenye nguvu. Nimeitumia kuhamisha santuri za dansi za Mzee wangu, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na sasa anazisikiliza kwenye sidii. Hela yangu niliielekeza kwingine: sindano mpya na kikuza sauti cha fono.

Hicho cha fono msikiruke jamani. Santuri inapokatwa, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa. Kifaa cha fono ndicho kinachorudisha uwiano wake. Ukichomeka pleya moja kwa moja kwenye tundu la maiki utapata gitaa kali tupu, besi huisikii. Waya wa ethi wa pleya nao ufungwe kwenye kifaa hicho, vinginevyo mvumo wa umeme utaingia kwenye kila wimbo. Wangu ulikuwa umekatika, fundi wa Makoroboi akaunganisha upya pale pale nikisubiri.

Santuri ifutwe kwanza kwa kitambaa laini chenye unyevu, kufuata mzunguko wa mifereji, lebo isilowe. Wakati wa kurekodi, acha vilele vya sauti vifike kama -6 dB (desibeli) kwenye kipimo cha programu. Vikigonga sifuri sauti inapasuka, na hapo hakuna dawa, unarudia. Umeme ukikatika katikati pia unarudia: laptopu itaendelea kwa betri, lakini pleya inasimama na wimbo unazama.

Sasa raha yenyewe. Wenye umri wanakumbuka kwamba dansi nyingi zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Mwimbaji anamaliza mashairi, gitaa linaanza kuchemka, halafu santuri inaisha na mtu anainuka kugeuza. Kwenye Audacity niliziweka pande zote mbili kwenye mstari mmoja, nikasawazisha ukubwa wa sauti, nikatafuta pigo la ngoma linalofanana na kuunganisha hapo. Baadhi ya nyimbo upande B huanza kwa sauti ndogo inayopanda polepole, hizo zinahitaji subira na masikio. Lakini zikikaa, unausikia wimbo mzima bila kukatizwa, tangu beti la kwanza mpaka gitaa linapotulia. Kwa hili peke yake naipa programu alama zote.

Kuondoa mchakacho kupo: unaionyesha programu kipande kitupu cha mfereji kabla wimbo haujaanza, inajifunza kelele, kisha inaipunguza. Tumieni kidogo tu. Ukizidisha, manyanga na pumzi za mwimbaji zinasikika kama wanapiga chini ya maji. Mimi mikwaruzo mingine nimeiacha.

Hifadhi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, biti 16 na 44,100 Hz, ndicho kipimo cha sidii. Dakika moja hula takriban MB 10. MP3 tengeneza baadaye kwa ajili ya simu. Audacity yenyewe haichomi sidii, utatumia programu nyingine, na hapo chagua sidii ya muziki, siyo ya data, ili redio za zamani ziisome. Sidii moja inabeba dakika 80, kwa hiyo santuri ndogo nyingi zinaenea bila kubanana.