Darasa la Asili ya Ukatili: Zuri, Mpaka Lilipofika kwenye Jeni

Jumamosi iliyopita nilihudhuria, kwa kiingilio cha shilingi 15,000, darasa la muda wa saa tatu kuhusu asili ya ukatili katika mwili wa binadamu, lililofanyika katika ukumbi mmoja wa Ngamiani hapa Tanga. Tulikuwa kama watu thelathini, wengi wetu walimu na maafisa ustawi wa jamii, pamoja na vijana wachache wa bodaboda.

Kama ningetoka baada ya saa ya kwanza, ningesema fedha yangu imekwenda kwa halali. Mkufunzi aliokota makungu chini ya mkungu ulio uani, akayapasua kwa jiwe, akatupitishia viini mkononi: amigdala, alisema, ina umbo la namna hiyo hiyo (jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake lozi), nayo imo ndani ya ubongo, moja kila upande, ikipiga mbiu ya hatari kabla akili haijapata nafasi ya kupima. Kinachoizuia ni sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, na aliposema kwamba sehemu hiyo huchelewa kukomaa hadi mtu apindukie miaka ishirini, mzee aliyekaa nyuma yangu alinong'ona kuwa sasa amemwelewa mwanawe.

Habari za sokwe wa hifadhi ya Gombe, Kigoma, nazo zilipewa haki yake. Kati ya 1974 na 1978, kama mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wasaidizi wake walivyoshuhudia, sokwe wa kundi la Kasakela waliwaua mmoja mmoja madume wa kundi la Kahama, ambao miaka michache nyuma walikuwa wenzao wa kuchambuana manyoya. Hata hivyo bonobo, walio jamaa zetu wa karibu sawa na sokwe lakini wapole kuliko wao, hawakutajwa hata kidogo.

Palipoharibika ni kwenye jeni. Kijitabu tulichogawiwa kinaiita MAOA "jeni ya ukatili", na mkufunzi aliishia kwenye ukoo wa Uholanzi ulioelezwa mwaka 1993, ambao baadhi ya wanaume wake walikosa kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo (kazi yake ni kuvunja baadhi ya kemikali za ubongo), nao walikuwa na tabia za ukatili. Hakuugusa utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliotolewa mwaka 2002, ambao ulionyesha kwamba aina dhaifu ya jeni hiyo iliambatana na ukatili hasa kwa wanaume walioteswa utotoni. Kijana mmoja wa bodaboda akainuka, akasema, "Kumbe mie naonewa bure, mwalimu, damu ndiyo inayonituma." Watu wakacheka, mkufunzi naye akacheka, akafungua ukurasa mwingine.

Chai ya tangawizi na kalimati zilikuja za moto. Feni ilikuwa moja tu. Darasa la pili, litakalohusu homoni, nitalihudhuria, ila nitamwomba mkufunzi aanze kwa kumjibu yule kijana.