Uzoefu wangu: Final Fantasy VII ya 1997, kuicheza upya kwenye Switch

Nianze na hukumu, ili asiye na muda ajiendee zake: gemu hili bado linalipa. Ila toleo la 2019 la Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, limewekewa misaada mitatu ambayo haikuwepo kwenye PlayStation ya kwanza. Mmoja unaliokoa gemu, miwili inalimaliza ladha. Anayerudi baada ya miaka mingi akaiwasha yote mitatu atamaliza hadithi haraka sana, kisha abaki akijiuliza watu walikuwa wanasifia nini.

Kwanza, jua unachonunua. Hili ni gemu lile lile ambalo Square ilitoa Japani tarehe 31 Januari 1997 kwa CD tatu. Muziki ni ule ule wa Nobuo Uematsu, na maandishi ya Kiingereza ni karibu yale yale, hata jina la Aeris, mmoja wa mashujaa, halikubadilishwa kuwa Aerith. Remake ya 2020 na Rebirth ya 2024 ni vitu vingine kabisa. Remake nzima inaishia Midgar, mji ambao humu unatoka baada ya saa tano au sita hivi ndipo dunia inafunguka. Picha hazijatengenezwa upya. Wahusika wameongezewa ukali wa mistari, lakini mandhari zilizochorwa nyuma yao zimebaki na ufifi wa televisheni za zamani, kwa hiyo Cloud, mhusika mkuu, anaonekana kama kibandiko kilichobandikwa juu ya picha yenye ukungu. Pembeni kuna mistari myeusi kwa sababu picha ni ya umbo la zamani la skrini. Cheza ukiwa umeishika mkononi badala ya kuunganisha TV kubwa. Kwenye kioo kidogo tofauti hiyo haisumbui.

Sasa misaada yenyewe. Ukibonyeza kijiti cha kushoto kwa ndani, gemu linakwenda kwa kasi mara tatu. Ukibonyeza cha kulia, HP (damu), MP (nguvu ya uchawi) na Limit (kipimo cha pigo maalum) zinajazwa mfululizo vitani. Ukivibonyeza vyote viwili pamoja, mapambano ya ghafla yanakoma. Kwenye PS4 ni hivyo hivyo, L3 na R3.

Kasi mara tatu itumie bila aibu. Ubovu mkubwa wa gemu hili siku hizi ni polepole yake: kila pambano linaanza na kamera inayozunguka, kila uchawi una sinema yake, na Knights of the Round, uchawi mmoja wa kuita, peke yake inachukua zaidi ya dakika moja kila unapoiita. Tahadhari ni kwamba kasi hiyo inakimbiza pia vipimo vya ATB, vinavyoamua zamu ya nani. Ukiwa kwenye hali ya Active, adui ameshakupiga mara mbili wewe bado unatafuta Cure, uchawi wa kuponya, kwenye orodha. Ingia Config kabla ya kitu kingine chochote: ATB weka Wait, Cursor weka Memory ili mkono ukumbuke ulipoishia, na kasi ya maandishi vitani ipandishe. Na zima kasi kabla ya vimichezo vya ndani: mashindano ya kuchuchumaa pale Wall Market, kukimbizana kwa pikipiki, gwaride la Junon. Vyote hivyo vinategemea mdundo, na mdundo mara tatu hauchezeki.

Msaada wa kijiti cha kulia ndio sumu. Haukufanyi usife kabisa, maana pigo moja linalomaliza HP zote bado linaua, lakini unaondoa kila sababu ya kufikiri. Restore, ile materia (kito cha uchawi) ya kuponya, ya nini kama damu inajirudisha? Ether, dawa ya kurudisha MP, ya nini? Na kuzima mapambano kuna madhara yanayochelewa kuonekana: materia hazipati AP za kuzikuza, mfuko hauna gil (pesa za humu), halafu unafika Temple of the Ancients mbele ya Demons Gate mwenye HP 10,000 ukiwa na Cure ya levo ya kwanza. Hapo watu hulalamika kwamba bosi ni mgumu kupita kiasi. Si mgumu, ni wao waliokuja mikono mitupu. Mahali ambapo mimi nakubali kuzima ni Great Glacier, kule barafuni, kwa sababu ukitembea muda mrefu unazimia na kubebwa hadi kibandani kwa Holzoff, na mapambano yanakupotezea mwelekeo.

Tafsiri ya Kiingereza ni mbovu, na ubovu wake unaua mchezaji katika bosi wa kwanza kabisa. Guard Scorpion anapoinua mkia, Cloud anasema ushambulie wakati mkia uko juu. Maandishi yanakatika hapo. Ukibonyeza kuendelea ndipo unaambiwa atajibu kwa leza yake. Maana iliyokusudiwa ni kinyume: ukishambulia mkia ukiwa juu, Tail Laser inawaka na kuwapiga wote. Ngoja mkia ushuke, mpige Bolt (uchawi wa radi), jaza damu ukiwa unangoja. Tangu hapo uwe na mazoea ya kutilia shaka maelekezo ya wahusika. Na ukipotea ndani ya chumba, bonyeza kitufe cha Select, kwenye Switch ni kile cha alama ya kutoa. Kinatokea kimkono juu ya Cloud na vishale vinavyoonyesha milango na ngazi. Kwa mandhari zile zilizojaa mabomba, nusu ya njia huzioni bila vishale hivyo.

Tuje kwenye materia, maana hapo ndipo gemu lilipo. Silaha na bangili zina matundu, mengine yameunganishwa mawili mawili. Unachochomeka humo ndicho mhusika anachoweza kufanya, na materia za uchawi zinapandisha MP na Magic huku zikipunguza HP na Strength. Kwa hiyo hakuna mhusika aliyezaliwa daktari au mpiganaji, unamtengeneza. Mfano mzuri ni Midgar Zolom, yule nyoka wa kwenye kinamasi baada ya mji wa Kalm. Njia ya kawaida ni kununua Chocobo Lure shambani kwa gil 2,000, kumkamata chocobo (ndege wa kupanda) kwenye alama za nyayo, na kuvuka kinamasi mbio kabla kivuli hakijakufikia. Njia tamu ni kumngoja, ujifunze uchawi wake wa Beta.

Maandalizi yanaanzia Midgar, kwenye jengo la kampuni ya Shinra. Meya Domino anataka neno la siri. Kwenye maktaba zake tafuta majalada yaliyowekwa mahali pasipo pake. Namba ya kila jalada inakuambia uchukue herufi ya ngapi kwenye jina lake. Jibu ni mojawapo ya KING, BEST, BOMB au MAKO, na ukipatia mara ya kwanza anakupa Elemental, materia ya kuunganisha na nyingine. Usilipuuze zawadi hiyo. Humo humo ndani ya jengo, baada ya kumpiga Sample:H0512, unaokota Enemy Skill, materia ya kujifunza mapigo ya maadui. Sasa kinamasini: unganisha Elemental na Fire kwenye bangili, si kwenye silaha, umpe huyo huyo Enemy Skill. Elemental ya levo ya kwanza inakata moto kwa nusu. Zolom akikaribia kufa anamwaga Beta, moto wa zaidi ya HP elfu moja kwa kikosi kizima, na aliyevaa Enemy Skill akibaki hai, ameishajifunza. Kinachoharibu mpango ni kwamba nyoka huyu hupeperusha wahusika nje ya pambano. Akimpeperusha mwenye Enemy Skill, toroka uanze upya, kwa hiyo sevu kwanza kwenye ramani. Ukiipata Beta, kwa MP 35 unafagia karibu kila kitu kwa muda mrefu. Kama hutaki taabu zote hizo, zunguka kwenye uwanda unaozunguka Midgar hadi ukutane na adui aitwaye Custom Sweeper. Matra Magic yake, nayo ya kujifunza kwa Enemy Skill, inagharimu MP 8 tu na inapiga maadui wote.

Hayo yote, ukiwa na damu inayojijaza yenyewe, yanageuka upuuzi. Ndiyo maana nasisitiza.

Jambo ambalo hata wachezaji wa zamani wengi hawalijui: namba ya Magic Defense inayoandikwa kwenye bangili haifanyi kazi. Ni hitilafu ya tangu 1997. Kinachohesabiwa dhidi ya uchawi ni Spirit ya mhusika. Chagua bangili kwa Defense na kwa idadi na mpangilio wa matundu. Angalia pia Growth: silaha yenye Triple inakuza materia mara tatu, kama Apocalypse ya Cloud iliyofichwa Ancient Forest, japo ina matundu matatu tu. Silaha za mwisho za kila mhusika zina nguvu lakini Growth yake ni Nothing, kwa hiyo usizivae wakati wa kulea materia.

Pesa zikikaba, lea All, materia inayosambaza uchawi kwa wote. Ikifika AP 35,000 imekomaa, inazaa nyingine mpya, na ile iliyokomaa dukani inauzwa gil 1,400,000. Hakuna biashara nyingine humu inayoikaribia.

Vitu vya kukosa viko vingi, na gemu halikuambii. Yuffie, mhusika wa siri, anatokea msituni baada ya kuvuka Mythril Mine. Ukimshinda, unajikuta mahali penye kitu kinachofanana kabisa na sehemu ya kusevu. Si sehemu ya kusevu. Usiiguse wala usifungue menyu, maana atakuibia gil na kutoweka. Mjibu kwa mpangilio huu: "Not interested", "petrified", "Wait a second", "that's right", "Let's hurry on". Vincent, wa siri pia, yuko chini ya jumba la Shinra kule Nibelheim. Kufungua kasiki ya humo ni kulia 36, kushoto 10, kulia 59, kulia 97, ndani ya sekunde 20, na ukipitiliza namba umeshindwa. Hapo pia zima kasi. Ndani kuna bosi Lost Number, materia ya Odin na ufunguo wa chini. Sevu kabla ya kugusa kasiki.

Great Gospel, kitabu cha Limit ya mwisho ya Aeris, ndiyo inayosumbua zaidi, na lazima iwe ndani ya CD ya kwanza. Vuka na gari la buggy kutoka Costa del Sol kwa meli hadi Junon, kisha tafuta pango la mzee anayelala. Wakati mwingine hutaja umepigana mara ngapi. Tarakimu mbili za mwisho zikifanana ndipo anatoa zawadi, na unayotaka ni Mythril. Ipeleke kwa muuza silaha karibu na Gongaga, uchague kisanduku kidogo cha juu. Lakini kitabu hakitumiki mpaka awe amejifunza Limit zake zote za chini, yaani atumie Limit ya kwanza ya kila levo, kuanzia Healing Wind, mara kwa mara na aue maadui wengi kwa mkono wake mwenyewe. Kama ni mara yako ya kwanza, sitakuambia kwa nini muda ni mfupi.

Pale panapochosha napo pasemwe. Simulizi la Cloud pale Kalm ni refu mno, hata kwa kasi mara tatu. Kuzalisha chocobo ni kazi ya ofisi: kila zizi gil 10,000, mwisho mazizi sita. Unahitaji chocobo wa daraja la Good na wa Great wenye jinsia tofauti pamoja na Carob Nut, upate wa buluu na wa kijani, uwashindanishe mbio kwenye kiwanja cha burudani cha Gold Saucer ili wapande daraja, uwazalishe tena kwa Carob upate mweusi, kisha mweusi na Wonderful wa upande wa Icicle kwa Zeio Nut ndipo dhahabu. Vifaranga hukua kwa kuhesabu mapambano, si saa. Aliyezima mapambano atazunguka na Highwind, chombo chake cha angani, kutwa nzima na kifaranga kibaki kifaranga. Sevu kabla ya kila uzazi, kwa sababu rangi na jinsia ni bahati.

Lilipotoka kwenye Switch mwaka 2019 bei ilikuwa dola 15.99, na Steam nako lipo. Lipo pia la Android, ila vitufe vya juu ya kioo vinaifanya pikipiki kuwa adhabu.

Ukifika kwa Emerald Weapon, bosi wa hiari chini ya bahari, mwenye HP milioni moja, una dakika 20 tu isipokuwa una materia ya Underwater. Hiyo unaipata kwa kumgeuza adui Ghost Ship kuwa kifaa kwa materia ya Morph kwenye njia ya chini ya maji Junon, upate Guide Book, umbadilishie msafiri wa Kalm. Na kabla hujamgusa, hesabu matundu: Aire Tam Storm yake inapiga 1,111 kwa kila materia uliyovaa. Mhusika mwenye tisa anakufa hata akiwa na HP 9,999. Vaa nane, au pungufu.