Kikundi cha kukaa kimya cha Njiro: mwaka na miezi miwili nikiwa nao

Watu wa Chuga, yaani Arusha yetu, habari za leo. Kuna wengi wameniuliza kuhusu kile kikundi cha meditesheni ninachoendaga Njiro Jumamosi asubuhi, wengine wananitumia meseji, wengine wananisimamisha njiani, sasa nimeona bora niandike mara moja kila mtu asome. Nimekuwa nao mwaka na miezi miwili, nadhani naweza kusema kwa haki kizuri chao na kibaya chao.

Kwanza mjue nimetokea wapi. Mi nilianza mwenyewe 2020. Mlio kwenye utalii mnaikumbuka ile hali, Machi wageni wanafuta safari, Aprili ndege za nje zikasimama, ofisini kwetu tulikuwa kumi na mmoja wakabaki watatu na mi sikuwemo. Usingizi ukakata kabisa, nalala saa sita, saa nane macho, nahesabu madeni mpaka nasikia adhana. Rafiki yangu mmoja akaniambia jaribu kukaa dakika kumi asubuhi uifuate tu pumzi, hesabu moja mpaka kumi, ukipotea rudi moja. Nikajaribu. Ilinisaidia kweli, siku niliyokaa hata watoto waliona, sikuwafokea. Ila kuendelea ndo kulinishinda. Naanza Jumatatu Ijumaa nimeacha, naanza tena mwezi unaofuata nafika wiki mbili naacha, na nilikwenda hivyo miaka.

Nikapakua programu moja ya simu, jina silitaji, ina sauti nzuri ya kukuongoza na inakuhesabia siku ulizokaa mfululizo. Nikafika siku 41, nilifurahi sana jamani, nilimwonyesha mpaka mama mkwe. Siku ya 42 mdogo wangu wa mwisho alishikwa na homa usiku kucha, tulikesha namkanda maji, kulipokucha hakuna aliyekumbuka habari za pumzi. Kesho yake nafungua simu nakuta sifuri. Sifuri kubwa katikati ya kioo, kana kwamba zile asubuhi 41 sikuamka. Niliifuta palepale na miezi mitano sikukaa tena hata dakika moja.

Ndo maana nawaambia hiki kikundi kimenisaidia kwa namna ambayo simu haikuweza.

Kwa ambaye hajawahi kufika, unapanda kifodi (daladala) cha Njiro, unashuka, unatembea kama dakika nane au unachukua boda. Ni nyumba ya mama mmoja mstaafu, ametoa chumba cha juu chenye baraza inayotazama bustani, na kukiwa hakuna mawingu unauona Mlima Meru wote hadi kileleni. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu mnaanza. Dakika ishirini za kukaa, dakika kumi za kutembea polepole bustanini peku, tena ishirini za kukaa, halafu mazungumzo kidogo na uji wa ulezi, saa mbili umemaliza. Kutembea peku kwenye umande mwezi wa saba hapa Arusha si mchezo, mara ya kwanza vidole viliuma nikatamani kurudi ndani, lakini ndo hapo nilipoelewa kwa nini wanatembea, maana ukikanyaga baridi ile akili haiendi kwenye madeni, ipo kwenye unyayo.

Kengele yao naipenda mno. Nilidhani nitakuta yale mabakuli ya shaba ya kwenye video, yale yanayolia muda mrefu. Wao wana kengele ya ng'ombe, ya Kimaasai, wanaigonga na mwiko wa mbao. Inalia ko, moja tu, kavu, inakwisha hapohapo. Halafu kimya. Sa hivi hata nikisikia ng'ombe wanapita barabarani mabega yangu yanashuka yenyewe.

Anayeongoza ni mzee tunamwita Mwalimu, alifundisha hesabu sekondari mpaka kustaafu. Yeye alijifunza Kenya, alifanya kozi ya siku kumi ya Vipassana, aina ya meditesheni ya Kibudha, ile aliyoieneza mwalimu S.N. Goenka, mnaamka saa kumi alfajiri, mnakaa karibu masaa kumi kwa siku, hakuna kuongea, simu mnaacha getini, na hawatozi ada, inaendeshwa kwa michango ya waliowahi kumaliza. Anasema mwisho wa kozi mnaambiwa mkifika nyumbani mkae muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, na angalau mara moja kwa wiki mkutane na wenzenu mkae pamoja. Alipofika Arusha hakuwa na wenzake. Akajitahidi peke yake miezi miwili ikamshinda, mtu aliyekaa siku kumi bila kufungua mdomo! Ndo akaanza kuwatafuta watu mmoja mmoja, akianza na huyu mama mwenye nyumba. Na huwa anatukumbusha kwamba hata Buddha, mwanafunzi wake Ananda alipomwambia kuwa marafiki wema ni nusu ya safari hii, alimkatalia akamwambia hapana, ni safari yote.

Najua swali linalofuata, dini. Niliulizwa na mchungaji, nikaulizwa na shangazi, nikajiuliza mwenyewe pia. Pale hamna sanamu, hamna ubani, hamna maneno ya kuimba, hakuna anayekuambia uache ya kwako. Unafuata pumzi basi. Tupo Walutheri, Wakatoliki, na kuna mama mmoja wa Ngarenaro anaswali alfajiri kwake ndo anakuja, yeye anasema tangu aanze kukaa hata swala yake imetulia, zamani alikuwa anaswali huku anawaza unga. Mwalimu hafichi kwamba mazoezi haya yametoka kwa Wabudha, anakueleza wazi, na anakueleza pia kwamba 1979 huko Marekani mtaalamu mmoja, Jon Kabat-Zinn, aliyapeleka hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, akatengeneza kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, bila kumgusa mtu dini yake. Mi nimeridhika. Ambaye moyo wake haujatulia kwa hili namheshimu, asijilazimishe.

Sasa kitu kinachonifanya niandike haya yote ni mapacha. Kila mwanzo wa mwezi wanakunja vikaratasi, unachota jina, huyo ndo pacha wako mwezi mzima. Kazi yenu ni moja, ukishakaa asubuhi unamwambia. Nimekaa dakika kumi. Nimekaa tano. Basi. Huruhusiwi kumpa ushauri, huruhusiwi kumuuliza mbona jana kimya. Hiyo sheria ya mwisho niliiona ya ajabu, nikajiuliza sasa msaada uko wapi kama hawakufuatilii?

Pacha wangu wa kwanza alikuwa kijana wa boda, ana kijiwe upande wa Sakina. Sikumtegemea, nilidhani atanisumbua. Siku ya pili, saa kumi na moja na robo alfajiri, simu inalia, ni sauti ametuma, nyuma yake nasikia pikipiki inawashwa na watu wanabishana nauli, ananiambia, "Shikamoo dada, mi nimekaa dakika kumi hapahapa juu ya pikipiki, abiria wangu bado, wewe je?" Nilikuwa nimejifunika blanketi mpaka masikioni. Mtu amekaa kijiweni, baridi lile, juu ya siti ya pikipiki, mi nina chumba na mlango unaofungwa. Niliamka. Si kwa sababu amenisema, hajanisema. Kuna mtu anasubiri neno moja kutoka kwangu, na neno lenyewe ni nimekaa, na siwezi kulituma kama sijakaa.

Nilipofikisha mwezi wa tano nikiwa nao, mtoto akalazwa, siku sita wodini na siku tatu za kumuuguza nyumbani. Tisa jumla sikukaa, sikujibu meseji, na moyoni nilishaona imeisha kama ile ya 41, nikawa naona aibu hata kulifungua grupu letu la WhatsApp. Pacha wangu wa mwezi ule alikuwa dada mmoja nesi. Hakuuliza niko wapi. Kila asubuhi alituma yake, nimekaa kumi, nimekaa kumi na tano, akiwa zamu ya usiku ananiandikia nimekaa tatu nikiwa nimesimama stoo. Siku ya kumi akaandika, "Dada kesho nakaa saa kumi na moja na nusu, nakuwekea nafasi." Nikakaa. Nililia kidogo katikati, dakika zenyewe zilikuwa saba, nikamwandikia saba. Akajibu saba, asante. Jumamosi nilipofika juu nikakuta mto wangu umewekwa palepale pa siku zote karibu na dirisha, na mama mwenye nyumba akaniuliza kitu kimoja tu, mtoto anaendeleaje.

Baadaye Mwalimu alituambia kuna utafiti wa chuo cha University College London (UCL), ulitoka 2010, walifuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya za kila siku, ikaonekana kwa wastani inachukua siku 66 mpaka kitu kizoeleke, wapo waliohitaji 18 na kuna makadirio ya kufika 254, na kwamba kukosa siku moja hakuharibu safari. Natamani ningelijua hilo siku nilipoiona ile sifuri. Siku hizi simu naitumia kupima muda tu, ninayo programu ya Insight Timer, ni bure, inagonga kengele mwanzo na mwisho.

Mto nao niuseme maana mnauliza sana. Msinunue ile ya kuagiza onlaini kwa bei ya kiatu kizuri. Mimi nilimpelekea fundi pale Kilombero kitenge, nikanunua sufi, akanishonea wa duara wenye zipu, jumla elfu kumi na nane. Mwambie ajaze sana, ujae mpaka uwe mgumu, maana sufi inalala, baada ya miezi miwili wangu ulikuwa bapa kama chapati nikaongeza. Yule mama wa Ngarenaro wake amejaza pumba za mpunga, unakaa vizuri zaidi na haulali, ila una vumbi na ukihama unalia chakachaka, kwa hiyo ukishakaa umekaa. Wazee na wenye magoti mabovu wanapewa viti, hakuna anayekutazama vibaya, Mwalimu mwenyewe anakaaga kwenye kiti.

Mabaya yapo. Ngazi za kupanda juu ni nyembamba na hazina pa kushika, kwa mtu mzima mwenye magoti ni mtihani, nimeshawaambia mara mbili na bado. Grupu la WhatsApp linachafuka, watu wanaleta matangazo ya viwanja na video za maombi, wakati lilitengenezwa kwa ajili ya neno nimekaa tu. Nimeshawahi kukosa taarifa kwamba tumehamishiwa Jumapili kwa sababu ilizama kati ya picha za viwanja vya Usa River, nikafika nikakuta geti limefungwa na mvua ya masika inanipiga. Mazungumzo ya mwisho yana siku yanavuka mipaka, mtu akipewa nafasi anaeleza maisha yake toka darasa la kwanza na Mwalimu ni mpole mno kumkatisha. Na kikubwa kwangu, wanapokea wageni wengi sana kwa mara moja. Mwezi wa kwanza huu walikuja kumi na wanane wapya, ahadi za mwaka mpya, tukawa tumebanana magoti kwa magoti, mapacha wakachanganywa, nikapewa mtu ambaye hakutuma neno hata siku moja. Mwezi mzima natuma naangalia tiki mbili za bluu. Kwa kweli niliyumba, nilikosa siku nyingi mwezi ule kuliko hata mwezi wa wodini. Niliwaambia mapacha wapewe wale waliofika angalau Jumamosi nne, wakakubali, na kuanzia mwezi wa tatu ndo wanavyofanya.

Bei ni elfu kumi kwa mwezi, inaingia kwenye uji, mikeka na umeme, na asiyekuwa nayo haulizwi, kuna kopo mlangoni unaweka ulichonacho na hakuna daftari la majina. Wiki ya kwanza ni bure. Njoo na soksi za kuvaa ukitoka kwenye umande, njoo na shuka au kanga ya kujifunika mabegani, usije umeshiba. Simu zima kabisa, usiweke ya kutetema, maana kwenye ule ukimya mtetemo unasikika kama bodaboda. Majogoo ya jirani yatawika, kuna kwaya inafanya mazoezi nyumba ya tatu, zoea tu, mi siku hizi ile sauti ya besi nikiisikia najua zimebaki dakika kumi.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano nitawapa siku wakiweka chuma cha kushika kwenye zile ngazi.

Mwezi huu nimechota tena jina la kijana wa boda. Leo ametuma mapema zaidi, saa kumi na nusu, alikuwa anampeleka mgeni airport, amekaa dakika sita. Mi nimekaa ishirini. Na kesho zamu ya uji ni yangu, ulezi nimeshauchambua.