Bodaboda wa kufukuzia treni, Ngudu mpaka Fela: nyota nne, ya tano imeishia kwenye helmeti

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri Ngudu mpaka saa nane mchana Fela nimemlipa bodaboda elfu hamsini, anikimbize niipige treni picha. Mafuta juu yangu, chai juu yangu, pancha tukagawana. Kwa picha nilizorudi nazo ningetoa hata elfu themanini, ila msimwambie.

Mimi ni mpiga picha wa kawaida tu. Nina kistudio hapa Mwanza, nakula kwa picha za pasipoti, harusi na vipaimara. Treni ni ugonjwa wangu wa pembeni. Nimezaliwa Ukerewe, na kisiwani chombo kikubwa ni meli. Siku ya kwanza kuiona treni nilikuwa darasa la tano, tumeshuka bandarini na mama, kichwa kikapiga honi karibu yetu, nikaingia ndani ya kanga yake mzimamzima. Mpaka leo akija mgeni nyumbani lazima aisimulie.

Aliyeuchochea ugonjwa huu ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anayeishi Saskatoon, Kanada. Kwao kuna treni ya abiria inaitwa The Canadian, inatoka Toronto kwenda Vancouver, kilomita 4,466, unalala humo usiku nne. Mabehewa yake ni ya chuma kisichoshika kutu, yaliundwa na kampuni ya Budd ya Marekani, yakaanza kazi mwaka 1955 na bado yanakimbia. Mengine yana kijumba cha vioo juu ya paa, abiria anakaa humo anaangalia nyika. Shemeji anaifukuzia kwa gari, anasimama mahali, anaipiga, halafu ananirushia WhatsApp: mstari wa fedha unakata shamba la ngano, nyuma yake ghala la nafaka limesimama kama mnara.

Anasema kule kuifukuza treni ni hesabu tu. Nchi ilipimwa ikakatwa miraba, barabara inakatiza kila maili moja upande huu na kila maili mbili upande ule. Ukiikosa hapa, unapiga kona, unahesabu maili, unaisubiri mbele. Halafu reli yenyewe ni ya kampuni ya mizigo, CN, kwa hiyo treni ya abiria huwekwa pembeni ipishe mabehewa ya nafaka, na shemeji anamalizia kahawa yake garini bila wasiwasi.

Huku Usukumani miraba hatuna. Njia zetu zimechorwa na ng'ombe, na ng'ombe alikuwa anaenda zake kunywa maji, hakufikiria mpiga picha.

Hilo nililijua kwa kulipia. Mwezi wa sita nilikodi gari hapa mjini, jina la ofisi silitaji, laki na nusu pamoja na dereva na kiyoyozi. Barabara kuu ya Shinyanga na reli zinaachana mapema: lami inashuka zake kusini kupitia Misungwi na Hungumalwa, reli inazunguka mashariki, Mantare, Bukwimba, Malya, Malampaka. Kila nikimwonyesha dereva kijia cha kuingilia ananijibu, "Dada, gari ya watu hii." Nilirudi na picha moja ya behewa la mwisho, mbali, dogo kama kiberiti. Kiyoyozi kilikuwa kizuri.

Mara ya pili, mwezi wa saba, nikapanda basi mpaka Ngudu, nikalala gesti, nikamuuliza dada wa mapokezi kama kuna bodaboda anayezijua njia za kando ya reli. Akapiga simu moja. Akaja kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, koti la baridi limefungwa mpaka kidevuni. Nikajieleza. Wengine niliowahi kuwaeleza walicheka kwanza. Huyu aliangalia begi langu akauliza, "Dada, hiyo kamera inakula vumbi?"

Nikajua nimepata mtu.

Alfajiri alikuja na mifuko miwili ya nailoni na mpira wa tyubu aliokata mwenyewe. Kamera tukaifunga mfuko mmoja, lenzi ndefu mwingine, stendi ya kamera akaifunga kwa mpira ubavuni mwa pikipiki, isinichome. Tukaondoka gizani kuelekea mbuga iliyo kati ya Malampaka na Malya. Baridi ya Julai ya huko, ukiwa nyuma ya pikipiki, inaingia mpaka kwenye meno.

Kwa msomaji asiyepajua: mbuga ya Usukumani siyo ile ya wanyama. Ni tambarare ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha unanata kama gundi, kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Tulipofika, mpunga ulishavunwa, majaruba yamebaki na vishina, na juu ya unyevu uliosalia wamepanda dengu. Hakuna mti wa maana mpaka upeo wa macho. Reli inapita katikati, mita moja tu kati ya chuma na chuma. Tawi hili lilitoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Wasukuma ilikuwa moja ya sababu kubwa za kuliletea reli ziwa letu.

Hapa ndipo kijana alipoipata nyota ya kwanza na ya pili kwa mkupuo. Alisimama, akachota vumbi, akaliachia hewani, akaliangalia linavyokwenda. Kisha akasogeza pikipiki hatua kama hamsini upande mwingine wa kijia, ili vumbi letu wenyewe lisije likatanda mbele ya picha. Akazima injini. "Sasa tusikilize." Mimi nilikuwa naangalia saa, yeye alikuwa amekaa juu ya tanki, anakula karanga.

Treni tuliyoingoja inakuja kaskazini magharibi, kuelekea Mwanza, na Julai jua linachomoza limeegemea kaskazini. Kwa hiyo asubuhi mwanga unapiga upande wa kulia wa treni, na huko ndiko tulikojipanga. Saa moja kamili jua likachungulia. Muungurumo ulikuwa umeshaanza kitambo, ila kwenye tambarare sauti inatangulia sana, unaisikia mpaka unaanza kuitilia shaka. Halafu taa. Nilikuwa na lenzi ya milimita 70 hadi 200, shata 1/500 ya sekunde, na vidole vimekufa ganzi. Ilipotufikia nikapiga kumi na nane mfululizo.

Nilipokuza kwenye kioo cha kamera niliona mabehewa ya daraja la tatu, madirisha yameshushwa. Kanga imefungwa dirishani kama pazia. Kiwiko cha mtu aliyelala. Mkono mdogo wa mtoto umeshika kipande cha muwa, umetoka nje mpaka begani, na nyuma yake mkono mkubwa umemkamata nguo. Mwanga wote umeangukia kwenye ule muwa.

Kuhusu kichwa cha treni nilikuwa na agizo. Shemeji alinisihi nimpatie kichwa chenye namba inayoanza na 88, kwa sababu vile viliundwa Montreal, Kanada, na anataka kukionyesha kule kwamba mtoto wao anafanya kazi Usukumani. Hiki hakikuanza na 88. Nikamtumia hivyo hivyo. Akajibu kwa alama moja ya uso unaolia.

Kutoka hapo mpaka stesheni ya Bukwimba tulipita vijia ambavyo nikiambiwa nivirudie peke yangu siwezi. Treni haina haraka, inasimama, inashusha magunia, inapakia kuku, na hapo ndipo pikipiki inapoipita. Bukwimba nilimwamkia stesheni masta, nikamweleza shida yangu, akasema nipige nikiwa nje na nisisogelee njia. Nikashukuru. Kijana yeye hakuuliza mtu chochote. Alikaa chini ya mwarobaini akawaangalia kina mama wanaouza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa.

"Wale ndiyo ratiba," akaniambia. "Wakiinua mabeseni, ujue imetoka Malya."

Walikuwa kama kumi na wawili, wamekaa kwenye vitenge, mabeseni ya michembe, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa), karanga za kukaanga na mayai ya kuchemsha. Mmoja anasuka nywele za mwenzake. Simu ikalia, kumbe mama mmoja ana binti anayeuza Malya. Akasikiliza, akasema neno moja la Kisukuma, na wote wakasimama kwa pamoja, aliyekuwa anasukwa nusu kichwa kikiwa wazi. Nikamwamkia wa karibu, "Mwangaluka, mama." Akaitikia, halafu akauliza kwa Kiswahili safi kama nitampiga picha bure. Nikanunua matobolwa ya buku mbili, tukawa sawa.

Picha ya siku nzima imetoka hapo. Beseni limeinuliwa sawasawa na dirisha, mkono wa abiria unashuka na noti, mkono wa mama unapanda na mfuko wa karanga, na ile mikono miwili haijakutana bado. Katikati ya mikono, ndani ya behewa, mzee wa baraghashia anaangalia kamera moja kwa moja kama anayenidai. Hiyo nimeiprinti kubwa, ipo ukutani studio, na tayari wateja wawili wameuliza ni ya wapi.

Mantare tuliikosa. Msumari, tairi la nyuma, hadithi ndefu isiyo na maana. Fundi baiskeli alituzibia chini ya mwembe huku tunasikia honi inapita zake.

Nilidhani tumekwisha. Kijana akasema bado Fela, akakata kwenye mawe. Huko nchi inabadilika ghafla, udongo mweusi unaisha na yale majabali ya Mwanza yanaanza, yamepandiana. Na huko ndiko unakutana na tuta la reli mpya ya kisasa, ile ya kutoka Mwanza mpaka Isaka, kilomita 341 ukijumlisha na njia za kupishania. Upana wa njia mpya ni milimita 1,435, ya zamani 1,000. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Ukisimama hapo, njia ya zamani chini ya lile tuta inaonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Nilitaka kupanda juu ya tuta, mlinzi akanifukuza, na alikuwa na haki.

Ushauri kwa wenzangu wa kamera: ikishafika saa nne, lenzi ndefu irudishe kwenye begi. Ardhi imeshapata moto, mazigazi yanacheza juu ya reli, na picha inatoka imelegea hata kama shata yako ni 1/2000. Utailaumu lenzi bure. Nilibadilisha nikaweka milimita 35, nikajibanza kando ya jabali, nikaingojea ije karibu. Ikatokea kwenye kona, kichwa kimechafuka vumbi la nchi nzima, tuta jipya juu yake tupu kabisa, bila hata mbuzi. Nikapiga nne tu.

Sasa malalamiko, maana nimeahidi nyota nne. Helmeti ya abiria haina mkanda. Ipo, ni nzuri, ina hata kioo, ila mkanda umekatika, na kila tukiongeza mwendo nalazimika kuishika kwa mkono mmoja kama mama anayeshika kapu kichwani. Mkono mwingine nashika kamera. Nimeshika nini cha pikipiki? Sikushika kitu. Nilimwambia mara tatu, mara tatu akasema "kesho nanunua, dada." Pia anapokea simu akiwa anaendesha, anaichomeka ndani ya helmeti yake mwenyewe, yenye mkanda.

Na kuna suala la dengu. Kabla ya kufika stendi ya Fela alisimama kwa shangazi yake, akasema dakika tano. Zikawa saa mbili na ugali na maziwa ya mgando, sikatai, na shangazi mtu alinikaribisha kama binti yake. Ila tulipoondoka kulikuwa na nusu gunia la dengu kati yangu na yeye, na jogoo. Mkataba wetu haukutaja jogoo. Nilipomwangalia akasema, "Ni karibu tu hapa, dada, usijali." Stendi yangu ya kamera ikahamia mapajani kwangu, jogoo akachukua nafasi ya stendi.

Ukimtaka, fika Ngudu jioni ya siku iliyotangulia, uliza gesti yoyote bodaboda wa treni, watakuelewa. Bei mpatane usiku huo huo, siyo asubuhi. Beba mfuko wako wa nailoni, kitambaa cha pua na koti zito. Mkanda wa helmeti nao beba, unauzwa buku tatu pale stendi ya Ngudu. Mimi nimeshamnunulia mmoja, sijui kama ameufunga.