Stendi ya kadi: uzoefu wangu wa miezi nane, na nilivyochelewa kuikubali

Nianze na hali yangu maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Nina baridi yabisi ya viungo, ile aina ya rumatoidi ambayo kinga ya mwili ndo inageuka kushambulia viungo vyake yenyewe, mwaka wa sita sasa. Asubuhi vidole vimekaza kabisa, inapita saa nzima na zaidi ndo vinaanza kuachia, na usiku nikichoka vinarudi kulekule. Stendi hii ya kusimamishia kadi za michezo nilipewa zawadi na dada yangu. Ilikaa kwenye boksi lake karibu mwaka mzima sijaigusa, na haikua na kosa lolote, kosa lilikua kwangu, nilikua naiona kama mtu ananiambia wewe ndo basi tena.

Yenyewe ni ya mbao, imepinda kama upinde, urefu sentimita 30 hivi, juu ina mifereji miwili ya kuchomekea kadi. Unaipanga mbele yako, kadi zinasimama zinakuangalia wewe peke yako, mikono yako inabaki huru. Basi. Haina betri haina chochote.

Mchezo tunaocheza sana ni Ticket to Ride, ule wa treni uliotoka 2004, unakusanya kadi za rangi ili uchukue njia za reli kwenye ramani, tuko watano na ndo idadi ya mwisho inayoruhusiwa kwenye toleo la kwanza. Sasa wanaoujua wanaelewa, hauna kikomo cha kadi za mkononi, ukiitaka njia ya mabehewa sita inayotoa pointi 15 unakusanya weee mpaka unajikuta umeshika kadi 20. Kwa mkono mzima sio shida. Kwa mkono wangu baada ya dakika 20 dole gumba linaungua, nazilaza kifudifudi mezani, ikifika zamu yangu naziokota moja moja huku watu wanne wananisubiri. Siku moja zikaniponyoka zote zikaanguka zimefunuka. Wenzangu wakageuza macho haraka ili wasione, na ile huruma yao ndo iliniumiza kuliko maumivu yenyewe. Nikaanza kutoa visingizio, leo nimechoka, leo nina wageni, nikapotea miezi kadhaa.

Kilichonirudisha sio stendi. Alikuja jamaa mpya kwenye kundi letu, haoni kabisa, akaja na UNO yake, ule mchezo wa kadi za rangi na namba, ila hii ni ya Braille, maandishi ya nukta za kupapasa (kampuni ya Mattel waliitoa 2019 wakishirikiana na shirika la wasioona la Marekani). Nilienda siku hiyo kwa sababu tu nilitaka kumuona akicheza. Alipokaa jambo la kwanza alisema, jamani kila mtu akiweka kadi ataje rangi na namba kwa sauti, na anayechota aseme amechota ngapi. Hakuomba samahani, hakucheka cheka kupunguza uzito, alisema tu kama mtu anavyoeleza sheria za mchezo, na watu wakazifuata, ndani ya raundi mbili ilishakua mazoea. Mimi nilikaa pale nawaza, kumbe inawezekana kusema hivi. Niliporudi nyumbani nikatoa stendi kwenye boksi.

Sasa niseme ukweli kuhusu bidhaa. Kazi yake kubwa inaifanya vizuri sana, kadi 20 zinakaa bila kuanguka, na ule mpindo unasaidia jirani asichungulie. Ila mfereji ni mwembamba mno. Kadi zikiwa zimevalishwa vile vifuko vya plastiki vya kuzilinda zinabana, inabidi usukume kwa nguvu, na nguvu ya vidole ndo kitu ambacho mnunuzi wa stendi hii hana! Hapa waliotengeneza hawakumuuliza mtumiaji, nina uhakika. Shemeji yangu aliupanua kwa msasa. Chini pia inateleza, nimebandika vipande viwili vya raba ikatulia.

Na kuna vitu haisaidii kabisa. Kuchanganya kadi siwezi, nimemwachia mwingine. Vile vibehewa vya plastiki, kila mchezaji anavyo 45 na ni vidogo, nikijaribu kuvipanga kwenye bodi navuruga na vya wenzangu, hivo mimi nataja njia, aliye karibu ananipangia. Hapa naomba nikae kidogo maana naona wengi wenye nia nzuri wanakosea. Anayekusaidia mkono akianza na kukushauri, "mbona usichukue ile ya kaskazini", tayari umeshaacha kucheza, anacheza yeye mara mbili. Tulikubaliana hivi, anayenipangia ananipa mkono tu, uamuzi unabaki wangu hata kama ni uamuzi mbovu. Nimeshapoteza mechi kibao kwa maamuzi yangu mwenyewe na nimezifurahia zote.

Muda nao ni kikomo. Mechi mbili natosheka, naaga naondoka. Niliwahi kulazimisha ya tatu kwa sababu sikutaka kuwakatisha wenzangu, kesho yake nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Sasa hivi kundi linajua, ule mrefu tunauanza mapema na mimi nikiondoka hakuna anayenibembeleza, na hilo la kutonibembeleza nalishukuru kweli.

Jenga, ule mchezo wa kuchomoa vipande kwenye mnara bila kuuangusha, nimeacha. Jina ni neno letu kabisa, vipande 54 vya mbao, nilikua naupenda kuliko yote, vidole vyangu haviwezi tena kuchomoa kipande taratibu. Nikiona mnara umesimama bado moyo unauma, sitaki kudanganya. Wakicheza nakaa nao na kuhesabu raundi, siku nyingine nakaa chumba kingine mpaka wamalize. Yote mawili ni sawa kwangu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba stendi imeenea mezani. Yule jamaa asiyeona alijaribu ya kwangu akaipenda, maana nukta za Braille ziko kwenye pembe ya kadi, zikisimama kwenye stendi pembe ya juu inabaki wazi anazipitia kwa kidole kimoja badala ya kushika fungu zima. Kundi likaongeza stendi mbili. Mwingine kati yetu hatofautishi nyekundu na kijani, kitu ambacho wanaume karibu 1 kati ya 12 wanacho na wengi hawasemi. Alikua amekaa kimya muda wote, kadi za treni alikua anazisoma kwa alama maana kila rangi ina alama yake, ila kwenye UNO alikua anabahatisha. Tangu tuanze kutaja rangi kwa sauti kwa ajili ya mwenzetu asiyeona na yeye akapona, ndo akatuambia. Kuna UNO ya 2017 yenye alama za ColorADD, vialama vya kuwaonyesha rangi wasiozitofautisha, kwenye kila rangi, tunaitafuta.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa siku wakipanua ule mfereji wao wenyewe huko wanakotengeneza.